Mwenye Sauti Yake Yuko Safarini

Koleta alikuwa ameshika ncha moja ya kitenge na mama yake ncha ya pili, wakikivuta waone uzito wake, aliposikia sauti ya mwanamume ambaye yeye Koleta alikuwa ameapa kumsahau.

Kitenge kilimponyoka.

"Mbona umeachia?" mama yake, Suzana, aliuliza. "Shika bwana, tuone kama ni kizito au wanatuuzia chandarua."

Sauti ilitoka kwenye kibanda cha fundi redio, mbele kidogo ya maduka ya nguo, katika soko kuu la Tabora. Ilikuwa sauti nene, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni mwa maneno, kama ya mtu aliyetoka kucheka sasa hivi. Koleta aliijua sauti ile kama anavyoijua njia ya kisimani kwao.

"Nakuja, mama. Kuna kitu nataka kukiona pale."

"Kitu gani? Watu wa Justus wanakuja Jumapili, na hata rangi hatujachagua!"

"Chagua wewe. Wewe ndiye unayejua rangi inayonipendeza."

Justus alikuwa mwalimu mwenzake huko Singida, mtu asiye na doa. Hanywi, hachelewi, hapandishi sauti. Alipotamka nia yake, Koleta hakumjibu ndiyo wala hapana. Mama Suzana ndiye aliyesema waje tu, jibu watalikuta limeshaiva.

Mbele ya kibanda cha fundi vijana walikuwa wamesimama wamebanana, macho kwenye televisheni. Koleta akanyoosha shingo. Ilikuwa ile katuni ya Kijapani, moja ya zile ambazo siku hizi vijana huziita anime. Ilikuwa ileile yao, yake na Xavery, mwenye sauti ile.

Kisa chake kilikuwa cha kipuuzi kabisa. Kijana wa chuo, mvivu, asiyejua hata kuchemsha chai, amepanga chumba kibovu, na kila kukicha msichana mmoja anadondoka kutoka darini na kusema anampenda. Wa kwanza binti mfalme wa sayari nyingine. Wa pili mashine yenye umbo la mtu. Wa tatu mzimu wa mpangaji wa zamani aliyegoma kuhama. Waliofuata ndio usiseme. Na utamu wote wa katuni ile ni kwamba wenyewe walijua kuwa ni katuni. Katikati ya vurugu msichana mmoja hugeuka, akawatazama watazamaji usoni na kuwauliza, "Hivi nyie mnaotazama, huyu kijana mnamwona ana nini? Maana sisi mwandishi hakutupa sababu."

Xavery ndiye aliyembatiza kijana yule jina la Bundala. Na yule msichana mwenye mdomo kuliko wote, wa kuwageukia watazamaji, alimwita Recheli.

Zamani sauti ya Recheli ilikuwa ya Koleta.

Sasa pale kwenye televisheni Xavery alikuwa akiwasemea wote peke yake. Binti mfalme alimwekea madaha, mzimu akauwekea kikohozi, na Bundala akampa ule woga wa kuku wa mgeni. Kisha Recheli akaingia kwa kuvunja dirisha, akageuka, akafungua kinywa. Kijapani kikatiririka chenyewe, hakuna aliyekitafsiri. Sauti ya Xavery ikaja chini yake, taratibu.

"Huyu mwenye sauti yake yuko safarini. Tumsubiri."

"Tumsubiri!" vijana wote wakaitikia kwa pamoja, wakacheka, kama waumini waliozoea kiitikio chao.

Koleta akajipenyeza mpaka kwa fundi.

"Samahani kaka," alimwambia fundi. "Hii inatafsiriwa wapi?"

"Hapa hapa mjini, dada. Kwa DJ Mwana-Usinge. Zunguka nyuma ya soko, ukiona mlango wa bluu ndio hapo."

"Na huyu msichana, mbona hatafsiriwi?"

Fundi akaguna. "Hiyo ndiyo staili yake. Wengine wanasema ni mbwembwe. Mimi nasema jamaa ana mtu wake."

*

Njia ya kutoka pale mpaka kwenye mlango wa bluu ilikuwa fupi, ila Koleta aliitembea kwa miaka mingi.

Aliliona tena banda la video la Rashidi kule Ng'ambo, lile ambalo watu waliliita kibanda umiza kwa sababu ya mabenchi yake. Turubai juu, jenereta nyuma, na masika nje. Masika yalipopamba moto akina mama walikaa mlangoni na mabeseni ya uyoga, harufu ya msitu ikaingia mpaka ndani. Xavery ndiye aliyekuwa akitafsiri papo kwa papo, maiki mkononi, Kijapani chenyewe hakijui hata salamu. Alisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha, mengine akatunga. Siku moja alikwama kwenye sauti za wasichana, na Koleta, aliyekaa benchi la mbele na rafiki zake wa chuo cha ualimu, akapaza sauti, "Recheli hawezi kuongea kinyonge hivyo! Lete hiyo maiki!"

Maiki ilikuwa moja. Ili sauti zote mbili ziingie, ilibidi wakae bega kwa bega, nywele zake zikigusa shavu la kijana yule, na kila mmoja akijifanya anatazama televisheni. Jinsi Bundala alivyowakimbia wasichana wake, ndivyo hao wawili walivyokimbia macho yao, mpaka siku yalipokutana na hakuna aliyekumbuka kutafsiri. Watazamaji wakapiga miluzi. "Katuni imehamia huku!" mmoja akasema.

Watu walidhani Koleta anachekeshwa na upuuzi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Katika nyumba ya baba yake, mzee Masolwa wa Ziba, wake walikuwa watatu na hakuna aliyewahi kupiga kelele. Mama yake, mke wa kwanza, wa ndoa ya kanisani, aliwapokea wenzake kwa adabu, akaishi nao kwa adabu, na mwisho akamshika binti yake mkono akarudi kwao Kigwa, kwa adabu vilevile. Koleta alikulia ndani ya ukimya ule. Kwenye katuni alikutana na wanawake waliorusha masufuria, waliomfukuza mwanamume mpaka juu ya paa, waliomwuliza mwandishi mbele ya watu kwa nini amewaonea. Na kipindi kikiisha, nyumba husimama tena nzima na hakuna aliyeumia. Alicheka mpaka machozi, na nusu ya machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Kilichowatenganisha kilitokea kwenye njia ya Kwihara, njia ileile ya vumbi ambayo wapagazi wa misafara waliikanyaga na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani. Xavery alikuwa amempakia kwenye pikipiki, wametoka kuliangalia lile tembe la kale, nyumba ya udongo ya enzi za misafara hiyo. Walikuwa wameshaongelea ndoa. Mama Suzana alikuwa ameshakataa. "Simtoi mwanangu kwa mtoto wa Ngassa," alisema. "Ngassa ana wake watatu Usinge. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Koleta akamwomba Xavery asimamishe pikipiki. Akamwambia, "Niapie. Niapie hapa kwamba hutakuja kuniletea mwenzangu."

Naye Xavery akatazama pembeni, pale ambapo hakukuwa na mtu, akasema kwa ile sauti yake ya maiki, "Mpenzi mtazamaji, hapa kijana wetu jasho linamtoka. Twende matangazo."

Alidhani Koleta atacheka. Koleta alishuka, akatembea kwa miguu mpaka mjini, na wiki ileile akakubali kupangiwa kazi Singida.

*

Ndani ya mlango wa bluu kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, na godoro moja kuukuu limesimamishwa dirishani. Xavery alikaa akiupa mlango mgongo, vipokea sauti masikioni.

"Kama ni flashi weka hapo mezani, nakuja," alisema bila kugeuka.

"Sina flashi."

Mgongo ule ulinyooka kama umeitwa jina. Akavua vipokea sauti taratibu. Alipogeuka, Koleta aliona kwamba ndevu zimeongezeka na mwili umejaa kidogo, lakini macho yalikuwa yaleyale, meusi, mepesi kuhama.

"Koleta."

"Umenitangaza mji mzima kwamba niko safarini?"

"Kwani uongo?"

"Miaka yote hii, Xavery? Kila sehemu ya katuni?"

"Kila sehemu. Niliwahi kujaribu kumwekea sauti mwenyewe. Watu wakalalamika, wakasema Recheli ana mafua."

Kicheko kilimpanda Koleta mpaka kooni, akakimeza. "Usinichekeshe. Sikuja kuchekeshwa."

"Umekuja kufanya nini?"

"Jumapili kuna watu wanakuja kuniposa."

Xavery akafungua kinywa. Koleta akayaona macho yake yakianza safari, yakihama kwake kwenda pembeni, kule anakokaa mtazamaji asiyeonekana.

"Xavery," Koleta alimwahi. "Ukimgeukia mtazamaji sasa hivi, naondoka, na hutaniona tena duniani."

Kinywa kikafungwa. Macho yakarudi, yakamkalia usoni. Yalikuwa yamejaa maji.

"Basi sina la kusema," alisema, kwa sauti ambayo Koleta hakuwahi kuisikia, ndogo, isiyo na mkwaruzo. "Bila yule mtazamaji mimi sijui kuongea, Koleta. Kwetu hatukufundishwa."

"Jaribu."

"Siku ile njiani niliogopa. Uliniambia niape, nikamwona baba. Nikajiuliza, na yeye siku anamwoa mama si aliapa? Sasa kiapo changu kina uzito gani? Nikashindwa kukwambia hivyo. Nikafanya mzaha." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Huyo anayekuja Jumapili, ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana."

"Anakuchekesha?"

Kabla Koleta hajajibu mlango ulifunguka, na mama Suzana akasimama pale, kitenge kwapani, akihema.

"Kumbe kitu ulichotaka kukiona kina ndevu," alisema.

Xavery alisimama upesi mpaka kiti kikaanguka. "Shikamoo, mama."

Mama Suzana aliiacha shikamoo ikae hewani kwa muda, kisha akaipokea kwa ncha ya ulimi. "Marahaba. Wewe si ndiye mtoto wa Ngassa?"

"Ndimi, mama."

"Mwenye wake watatu."

"Ndiyo, mama."

"Na hii ndiyo kazi yako? Nimepita hapo kwa fundi, nimekuta vijana wanafurahia mwanamume mmoja na kundi la wanawake. Nikasema, huyu aliyeiweka ana akili timamu? Wakanielekeza huku. Mmeona majumbani haitoshi, sasa mnatuonyesha na kwenye televisheni?"

"Mama," Koleta alisema, "kaa utazame."

"Nitazame nini?"

"Hiki ndicho nilichokuwa nakicheka enzi zile unaniuliza nachelewa wapi. Tazama kidogo tu, kisha tuondoke. Kitenge nitavaa chochote utakachochagua."

Labda ni uchovu wa soko, labda ni namna binti yake alivyolisema. Mama Suzana akakaa kwenye kreti la soda, akaweka kitenge mapajani, akaegemeza mikono juu yake kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini.

Xavery alibonyeza. Picha ikatokea. Akaweka maiki katikati ya meza, na Koleta, bila kuulizwa, akasogea akakaa bega kwa bega naye. Bega lile lilikuwa na joto lilelile. Binti mfalme alisema, mzimu ukakohoa, Bundala akatetemeka. Kisha Recheli akaingia kwa dirisha. Xavery akanyamaza, akamtazama Koleta.

"Hamjambo nyote mnaotazama!" Koleta alisema, na sauti ikatoka kana kwamba haikuondoka hata siku moja. "Dirisha hili nalivunja kila wiki na kila wiki linarudi zima. Mimi moyo wangu ukivunjika, mbona mwandishi haurudishi?"

Mama Suzana alikunja uso. "Hawa mabinti," aliuliza, "mama zao wako wapi?"

"Hawana, mama," Xavery alisema. "Mchoraji hakuwachora."

"Wote?"

"Wote."

"Ndiyo maana! Mtoto mwenye mama atagombania mjinga kama yule?" Akasogeza kreti mbele. "Endelea."

Ikaja sehemu ya supu. Wasichana wamepika, wamekaa mezani wakimsubiri Bundala. Mvuke unapungua. Hakuna anayeongea. Recheli akageuka, na Koleta akamsemea polepole, maana sehemu hii aliikumbuka neno kwa neno.

"Mpenzi mtazamaji, tunamsubiri mtu ambaye hata aliyemchora hajaamua kama atarudi. Na sisi tumekaa vizuri, tumechana nywele. Hebu niambie wewe uliye huko nje. Tumsubiri?"

Kisha Recheli akainuka, akabeba sufuria, akaimwaga supu yote dirishani. Binti mfalme akafuata na ya kwake. Mashine ikafuata, mzimu ukafuata, na chini barabarani Bundala ndiye alikuwa anafika, ua mkononi, na supu zote zikamshukia kichwani moja baada ya nyingine.

Mama Suzana alicheka. Alicheka kwa sauti, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akaendelea kucheka, mabega yakimtikisika. Koleta akaanza kucheka naye, kisha akaacha. Mabega ya mama yake bado yalikuwa yakitikisika, lakini sauti ilikuwa imeisha.

"Mama?"

"Nilipika kuku," mama Suzana alisema ndani ya kanga. "Siku baba yako alipomleta wa pili. Nilipika kuku, nikamnawisha yule binti mikono. Watu wakanisifu. Mpaka leo huko Ziba wananisifu kwa kuku yule." Akavuta pumzi ndefu. "Ningemwaga. Mungu anisamehe. Laiti ningejua kwamba mtu anaweza kumwaga."

Koleta alipiga magoti, akamkumbatia mama yake kiunoni. Katika maisha yao yote mama hakuwahi kumtajia kuku yule.

Xavery alizima picha. Alisimama hajui aweke wapi mikono yake. Mama Suzana akajifuta uso, akamgeukia.

"Na mama yako wewe? Ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama. Anaitwa Imakulata."

"Alimwaga?"

"Hakumwaga." Xavery alichuchumaa, ili asimzidi mama yule kimo. Koleta akayatazama macho yake. Hayakwenda pembeni. "Zamu ya baba ilipokuwa kwa mama mdogo, mama alikuwa anatoka nje jioni anamenya karanga. Hakuna aliyezihitaji. Alimenya tu, huku anatazama ule mlango mwingine. Mimi nilikuwa mdogo, nikawa sijui nimfanyeje. Siku moja nikamwigiza baba anavyokohoa kabla ya kubisha hodi. Nikamwigiza na mama mdogo anavyomkaribisha. Mama akacheka. Nikaona, kumbe inawezekana. Kuanzia hapo kila zamu nilikuwa nakaa naye, nawaigiza wote, mpaka usingizi unamchukua. Sauti hizi zote, mama, nilijifunzia pale."

"Hukuwahi kuniambia," Koleta alisema.

"Nilikuwa nakuchekesha. Nilifikiri ukishacheka inatosha. Hii katuni niliipenda kwa sababu wanawake wake wanapiga kelele. Kwetu hakuna aliyepiga kelele. Na mimi siwezi kukuapia kwamba mimi ni malaika. Ninachojua ni kwamba nilimwona mama yangu na zile karanga. Sitamkalisha mtu nje namna ile. Siwezi. Hata nikitaka, mikono itakataa."

Nje muuza ntalali alipita akinadi matunda yake ya porini. Mama Suzana akainuka, akakung'uta sketi.

"Nakusikia," alisema. "Lakini mimi ukisema maneno mazuri, nayajua, niliambiwa mengi. Mzee Ngassa asije kwangu. Simtaki. Aje huyo Imakulata. Na aje na wenzake wote wawili, wale waliomkalisha nje. Nataka niwaulize mwenyewe, wanawake kwa wanawake, mwanamume asiwepo, kama kijana aliyekulia katikati yao anaweza kumtunza mke mmoja. Wakiniambia ndiyo kwa vinywa vitatu, nitafikiri. Mmoja akisitasita, hakuna ndoa."

"Na watu wa Jumapili, mama?" Koleta aliuliza.

"Hao uliwaita wewe?"

"Uliwaita wewe, mama."

"Niliwaita mimi, ila wewe ndiye wa kumwambia Justus ukweli. Umeshakua."

Jioni ile, wakiwa wanasubiri usafiri wa Kigwa, Koleta alimpigia Justus. Alimweleza bila kuzungukazunguka, na akamwomba radhi.

"Nilikuwa nahisi, mwalimu," Justus alisema kwa upole wake uleule. "Ukiwa na mimi hucheki, unatabasamu tu. Nenda salama."

Koleta alimlilia Justus kidogo, kwa kuwa alistahili kuliliwa.

*

Walikuja kwa treni, katika msimu wa karanga mpya. Treni ilitoka upande wa Kigoma, ikawachukua Usinge, ikapita nao Tabora bila wao kushuka, ikawaleta mpaka Kigwa. Xavery alikuwa amewatangulia, amesimama stesheni na Koleta, shati limempiga pasi kuliko alivyolipiga yeye.

Mama Suzana alisimama mbele yao mikono kifuani, kitambaa kichwani kimefungwa kwa kukaza. Alikuwa hajalala vizuri. Asubuhi alimwambia Koleta, "Hivi nitawaambia nini mimi hawa wanawake?"

Walishuka watatu. Imakulata mbele, mrefu, mkongojo mkononi. Nyuma yake Elieth, mke wa pili, mnene wa uso wa furaha, na ndoo ya asali kichwani. Wa mwisho Julieth, mke wa tatu, ambaye umri wake haukuuzidi sana wa Koleta, macho chini, ameshika mfuko wa mchembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama ngao. Yeye ndiye aliyeogopa kuliko wote.

Imakulata alisogea mpaka akafika mbele ya mama Suzana. Walitazamana. Watu wa stesheni wakapunguza mazungumzo.

"Wewe ndiye uliyesema tuje bila mzee?" Imakulata aliuliza.

"Ni mimi."

"Tangu niolewe sijawahi kusafiri bila ruhusa yake. Safari hii nilimwambia tu, tunaondoka. Akaniuliza, nitakula nini? Nikamwambia, jiko liko palepale." Pembe za mdomo wake zikaanza kucheza. "Dada yangu, yule mzee hajui hata chumvi inakaa wapi."

"Mimi nimeificha," Elieth alisema nyuma, chini ya ndoo.

Julieth alipaliwa na kicheko, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Mama Suzana akaiachia mikono iliyokuwa kifuani. Akaenda moja kwa moja kwa huyo mdogo, akampokea mfuko.

"Karibuni nyumbani," alisema. "Wewe binti, inua uso. Hapa hakuna wa kwanza wala wa mwisho."

Walipofika nyumbani, wote wanne waliingia jikoni wakafunga mlango. Koleta na Xavery waliachwa nje, kwenye mkeka kando ya ukuta, kama watoto waliofukuzwa kwenye mazungumzo ya wakubwa. Mwanzo sauti zilikuwa za chini, za heshima. Baadaye mtu alilia. Koleta hakujua ni nani. Kisha Imakulata alisema jambo refu, na Elieth akamkatisha, na Julieth, yule wa macho chini, akawapandishia wote wawili sauti, na mama Suzana akasema, "Mwacheni aseme! Mwacheni aseme na yeye!"

Xavery alikuwa amekaa ameinamisha kichwa, mikono magotini.

"Sijawahi kuwasikia hivi," alinong'ona. "Tangu nizaliwe."

Koleta akaweka kiganja chake juu ya mikono ile. Jua lilikuwa likishuka nyuma ya reli, na mbuzi wa jirani wakirudi zizini. Xavery aliinua uso, akamtazama yeye, yeye tu.

"Koleta, sijui hawa watatoka na jibu gani. Lakini nakuuliza wewe. Unanikubali niwe wako?"

Koleta alimtazama kwa muda mrefu, yule mwanamume aliyekuwa akimsubiri kila sehemu, mbele ya mji mzima. Ndani mtu aligonga meza kwa kiganja, na sauti nne zikapanda kwa pamoja, hakuna iliyoisubiri nyingine.

"Nimekukubali," alisema, akamwekea kidole mdomoni. "Sasa nyamaza. Nataka kuwasikia."